ASILI NA MATUNDA: WAKFU, TIBA NA MIPANGO YA MIAKA MINGI, KUTOKA KHAIBAR HADI SINGIDA

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ali zake na Sahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Tarehe 17 Julai 2025, mjini Dodoma, ilizinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Ile iliyoitangulia, Dira ya 2025, ilikamilishwa mwaka 1999. Zote mbili zimeitaja afya ya wananchi miongoni mwa nguzo zake. Baada ya uzinduzi huo, maimamu zaidi ya mmoja hapa Singida wameniuliza: Je, jambo hili la kupanga robo karne mbele lina msingi katika dini yetu, au ni shughuli ya wanasiasa tu, na muumini inamtosha kutawakali?

Swali ni zuri, na nyuma yake lipo swali kubwa zaidi: ni kitu gani kinachoufanya mpango wa tiba uendelee kumtibu mgonjwa baada ya yule aliyeupanga kufa? Katika historia ya Uislamu wapo waliojenga nyumba za tiba zilizodumu zaidi ya miaka 700, na katika historia ya nchi yetu ipo mipango mizuri iliyodhoofika kabla ya miaka 20. Tukiziweka historia hizi mbili pamoja tutaona kwamba tofauti haikuwa katika ubora wa maneno ya mpango. Tofauti ilikuwa katika jambo moja ambalo mafaqihi wamelijua tangu zama za Masahaba: je, iliwekwa asili inayozaa, au yaligawiwa matunda peke yake?

KUPANGA KWA AJILI YA WASIOZALIWA

Tuanze na Qur'ani. Katika Sura Yusuf, aya ya 47 hadi 49, Nabii Yusuf (a.s.) hakuishia kuifasiri ndoto ya mfalme wa Misri. Alitoa mpango wa miaka 15: saba ya kulima kwa bidii na kuweka akiba, saba ya kula kidogo kidogo katika kile kilichowekwa, kisha mwaka wa neema. Aliagiza hata namna ya kuhifadhi, kwamba nafaka iachwe katika masuke yake. Na zaidi ya hayo, alijua kwamba mpango unahitaji msimamizi, akaomba awekwe juu ya hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mlinzi na mjuzi. Hapa tumepata mambo matatu: akiba, namna ya kuihifadhi, na mtu mwaminifu mwenye ujuzi. Na huyu alikuwa Nabii, mkubwa wa wenye kutawakali.

Kisha tumtazame Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (r.a.). Ilipofunguliwa Iraq, ardhi yake yenye rutuba iliyoitwa Sawad iliangukia mikononi mwa Waislamu. Baadhi ya Masahaba, akiwemo Bilal (r.a.), walitaka igawiwe kwa wapiganaji kama zinavyogawiwa ngawira. Umar alikataa. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amesimulia katika Kitab al-Kharaj jinsi mjadala ulivyokuwa mkali, na jinsi Umar alivyoshikilia hoja moja: tukiigawa leo, watakaokuja baadaye watapata nini? Mipaka italindwa kwa nini? Wajane na mayatima watakula nini? Akatoa dalili katika Sura al-Hashr, ambapo baada ya Muhajirina na Ansari wametajwa wale watakaokuja baada yao. Ardhi ikabaki mikononi mwa wenyeji wakiilima na kuilipia kharaji, na kharaji ikawa riziki ya vizazi.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba kumfikiria asiyezaliwa si jambo geni katika sheria yetu. Ni ijtihadi ya khalifa wa pili, na Masahaba wakubwa walimuunga mkono.

WAKFU WA KHAIBAR NA SHERIA YA KUDUMU

Ni Umar huyu huyu ambaye, wakati wa uhai wa Mtume (s.a.w.), alipata kipande cha ardhi Khaibar, mali aliyoipenda kuliko zote. Alipokwenda kutaka ushauri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwamba akipenda aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Habari hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Umar akaweka masharti: ardhi haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mapato yake ni ya mafakiri, jamaa, wasafiri, wageni na kukomboa watumwa, na msimamizi aruhusiwe kula humo kwa wastani bila kujilimbikizia. Katika mapokezi ya Abu Dawud, usimamizi aliuandika kwa binti yake Hafsa (r.a.) muda wa uhai wake, kisha kwa mwenye rai njema katika jamaa zake.

Ndugu msomaji, hii hati fupi ina kila kitu kinachokosekana katika mipango mingi. Imetaja mali yenyewe, walengwa, msimamizi na atakayemfuata, ujira wa msimamizi na mpaka wa ujira huo. Wanachuoni wa madhehebu walipokuja kufafanua, waliongeza kanuni ambayo kila kamati ya msikiti ingefaa kuihifadhi: pato la wakfu huanzia katika kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wapewe walengwa. Paa linalovuja hutangulia sahani ya pilau. Anayegawa pato lote na kuliacha jengo lianguke hakuwatendea wema mafakiri, bali amewanyima mafakiri wa kesho.

NYUMBA ZA WAGONJWA: DAMASCUS NA CAIRO

Tiba ya pamoja katika Uislamu ilianzia msikitini. Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema katika Msikiti wa Madina ili amtembelee kwa karibu. Wanahistoria wanamtaja Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) kuwa ndiye mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi katika hema lake. Mwaka 88 Hijria (707 Miladia), Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik aliwawekea wenye ukoma matumizi ya kudumu ili wasiombe watu, na kipofu akapewa mtu wa kumwongoza.

Lakini nyumba za tiba zilizodumu ni zile zilizojengwa juu ya wakfu. Nuruddin Mahmud bin Zanki alipoingia Damascus mwaka 549 Hijria (1154) alijenga bimaristani iliyobeba jina lake. Msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliyefika mjini humo mwaka 1184, ameeleza alichokiona: matumizi yake yalikuwa kiasi cha dinari 15 kwa siku, wasimamizi walishika madaftari yenye majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula cha kila mmoja, na matabibu walipita kila asubuhi. Tuzingatie daftari hilo. Miaka 30 baada ya kujengwa, mgonjwa alikuwa bado ana mstari wake katika hesabu.

Inasimuliwa kwamba amiri mmoja wa Kimamluki, Qalawun, aliugua akiwa Damascus, akapona kwa dawa zilizotoka katika bimaristani hiyo. Akaweka nadhiri kwamba Allah akimpa utawala atajenga mfano wake. Alipokuwa Sultani alijenga Cairo Bimaristani ya Mansuri, mwaka 683 Hijria (1284). Hati yake ya wakfu iliifungua kwa tajiri na fakiri, mwanamume na mwanamke, mkazi na mgeni, bila kuwekewa siku za kukaa. Aliyekufa humo alikafiniwa na kuzikwa kwa gharama ya wakfu. Nyuma ya ahadi hizo aliweka maduka, mahamamu na mali nyingine, ambazo al-Maqrizi anasema pato lake lilifikia karibu dirhamu milioni moja kwa mwaka.

Uadilifu wa historia unatutaka tuseme na upande wa pili. Al-Maqrizi huyo huyo anaeleza kwamba ujenzi ule ulifanywa kwa haraka na kwa kuwalazimisha watu kazi, na kwamba wapo wachamungu waliojizuia kuswali katika madrasa iliyoambatana nayo kwa sababu ya dhuluma hiyo. Jema kubwa halihalalishi njia mbaya. Vilevile, wakfu hizi hazikuwa salama dhidi ya wasimamizi wabaya. Katika karne zilizofuata, mali nyingi za wakfu ziliuzwa kwa hila ya kubadilishana, au zililiwa na waliokabidhiwa, na huduma zikafifia.

Pamoja na hayo, bimaristani ya Nuruddin iliendelea kutibu hadi mwaka 1899, ilipofunguliwa hospitali mpya ya Waturuki. Hiyo ni miaka 745. Na mahali pa Qalawun pale Cairo pamejengwa hospitali ya macho katika karne ya 20. Tawala ngapi zimepita katika muda huo? Wazanki, Waayubi, Wamamluki, Waothmani. Watawala waliondoka, lakini shamba na duka vilibaki vikizaa.

JENGO LISILO NA ASILI: MFANO WA UNGUJA

Hapa kwetu pwani tuna mfano wa kinyume. Anayefika Unguja kwa meli huliona jengo la ghorofa lenye baraza za mbao zilizonakshiwa, linalojulikana kwa jina la zahanati ya zamani. Tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, kwa nia liwe hospitali ya kuwatibia masikini. Alifariki mwaka 1891 kabla halijaisha, na mjane wake akalikamilisha mwaka 1894. Lakini nia ya hospitali haikutimia kama alivyoikusudia marehemu. Mwanzoni mwa karne ya 20 jengo lilikuwa limekwisha uzwa, na kwa fedha za sadaka za tajiri mwingine, Nasser Nur Mohamed, sehemu ya chini ikawa zahanati. Baada ya mwaka 1964 likachakaa. Katika miaka ya 1990 lilitengenezwa upya kwa uzuri mkubwa, likawa kituo cha utamaduni. Kuta zimepona, ila wagonjwa hawakurudi.

Hatumlaumu marehemu, nia yake Allah ndiye ajuaye. Tunachojifunza ni kwamba jengo ni chombo cha matunda. Jengo peke yake halizai mshahara wa mganga wala dawa ya kesho.

MIPANGO YA NCHI YETU

Sasa tuingie bara. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na vituo vya afya vijijini 22 na zahanati zisizofika 1,000. Mwaka 1964 ilitolewa taarifa ya tume iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza, iliyoshauri nguvu ziwekwe katika vituo vya afya vinavyowafikia watu wa vijijini. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha uamuzi wa mwanzo wa miaka ya 1970 wa kuipa kipaumbele afya ya vijijini. Mwaka 1973 redio zikahimiza kampeni ya Mtu ni Afya, na vijiji vikachimba vyoo. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa zaidi ya 200 na zahanati zaidi ya 2,000. Ulimwengu ulipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumzia afya ya msingi, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotolewa mfano. Hii ni heri kubwa, na anayeikanusha hana insafu.

Lakini bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na uchumi ukaporomoka. Zahanati zilikuwepo, dawa zikakosekana. Kuanzia mwaka 1984 masanduku ya dawa muhimu yalipelekwa vijijini kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Mgonjwa alipata nafuu, ila asili ilikuwa imehamia kwa watu wengine. Mwaka 1993 serikali ikaanza kuchangisha wagonjwa hospitalini, huku wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza wakisamehewa kwa mujibu wa maandishi.

Kwa watu wa Singida hatua iliyofuata ilitokea jirani kabisa. Ukiteremka mlima Sekenke na kuvuka mbuga ya Wembere unaingia Igunga, mkoa wa Tabora. Huko ndiko ulikojaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii katikati ya miaka ya 1990: kaya inachanga kwa mwaka, na serikali inaongeza kiasi kama hicho, utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Mwaka 2001 mfuko ukawekewa sheria ya nchi nzima. Wakulima wa alizeti na vitunguu wangeweza kulipa wakati wa mavuno na kutibiwa wakati wa kiangazi, jambo lenye hekima ile ile ya Nabii Yusuf (a.s.). Kilichoudhoofisha kinajulikana na kila aliyekuwa mwanachama: mtu alikuwa na kadi, akafika zahanati, akaambiwa dawa hakuna akanunue dukani. Mwaka uliofuata hakulipa. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa, kaya ya watu sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa kama yetu.

Kwa upande wa majengo, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi wa Singida walisomba mawe na mchanga kwa mikono yao. Majengo mengine yalisimama, mengine yakabaki maboma yakingoja bati. Mwaka 2001 pia wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Ahadi ilikuwa ya matunda, na kila mwaka ikabidi iombwe upya.

Tukio la karibu zaidi limeliweka wazi jambo hili. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na katika nchi nyingi wagonjwa, wakiwemo wa kwetu, waliingiwa na hofu ya dawa zao kukatika. Hatusemi msaada ni haramu, wala hatuwalaumu waliopokea, kwa kuwa kuokoa nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria. Tunasema hivi: shina likiwa shambani kwa mtu mwingine, siku akifunga lango utakula nini?

Hapa tuseme ukweli mwingine ambao hatupendi kuusema. Mkoani kwetu, hospitali za Makiungu, Itigi, Kilimatinde na Iambi zilianzishwa na Wakristo. Makiungu inatibu tangu mwaka 1954, na Waislamu wangapi wamezaliwa humo! Tumekuwa tukilalamikia makubaliano ya mwaka 1992 baina ya serikali na taasisi za makanisa, na kuidai haki ni jambo halali. Lakini tujiulize: siku ile ya makubaliano, sisi tulikuwa na hospitali ngapi za kuwekwa mezani? Watu waliorithi kutoka kwa Nuruddin na Qalawun walikuwa na nini mkononi?

MASUALA MAWILI YA KIFIQHI

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maimamu wameuliza mambo mawili.

La kwanza ni hukumu ya bima yenyewe. Wanachuoni wengi wa zama hizi wametofautisha baina ya bima ya biashara, ambayo ndani yake mna gharari, na bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangiana ili abebwe aliyepatwa na balaa. Jopo la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipitisha hivyo Desemba 1985, na kabla yake mkutano wa Taasisi ya Utafiti wa Kiislamu ya al-Azhar wa mwaka 1965 ulikuwa umeukubali ushirika wa kusaidiana na mipango ya serikali ya dhamana ya jamii. Wametolea ushahidi habari ya Waash'ari, ambao Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwa kuwa chakula kikipungua walikikusanya katika nguo moja na kugawana sawasawa. Kwa msingi huo, mfuko wa umma usiokusudia faida uko karibu zaidi na ushirika wa kusaidiana kuliko biashara.

La pili ni zito zaidi. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa vya kuwalipia wasio na uwezo zimo tozo za vileo na michezo ya kubahatisha. Je, fakiri Mwislamu atibiwe kwa fedha hiyo? Imam al-Ghazali katika Ihya, na Imam an-Nawawi akimnukuu katika al-Majmu', wameeleza kwamba mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hupelekwa katika maslahi ya umma au kwa mafakiri, na kwa fakiri anayepewa ni halali, kwa kuwa dhambi iko kwa aliyeichuma. Kwa qiyasi hii mgonjwa masikini hana kosa, na asizuiliwe tiba. Lakini jambo hili lisitufanye tuipende kamari kwa sababu inanunua dawa. Na umma wenye zaka, sadaka na wakfu unapaswa kuona haya ikiwa mgonjwa wake anaokolewa na pato la mlevi huku mali za wakfu zikiota magugu.

TUNACHOWEZA KUKIFANYA

Miaka iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopokea zahanati katika mji mmoja wa bara. Wafadhili kutoka nje walijenga, wakaweka vitanda na dawa za mwaka mmoja. Siku ya ufunguzi tulichinja ng'ombe wawili. Mwaka wa pili muuguzi alikaa miezi mitatu bila mshahara, akaondoka. Mwaka wa tatu tulihifadhi mahindi mle. Hakuna aliyeiba. Sisi wenyewe, watu tuliosoma bab ya wakfu mbele ya masheikh zetu, hatukuuliza swali la kwanza kabisa la Khaibar: asili iko wapi? Nalisema hili nikijihesabu mimi kwanza.

Basi ushauri wangu kwa maimamu na wanafunzi wa elimu ni huu.

Kwanza, tuanze na mali kabla ya jengo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba sarafu haziwekwi wakfu, kwa kuwa hazinufaishi ila kwa kutoweka. Tuweke basi vitu vinavyobaki: shamba la alizeti, mashine ya kukamua mafuta, vyumba vya duka karibu na soko, mikorosho kwa ndugu zetu wa Manyoni. Mkorosho hutaka subira ya miaka kabla ya kuzaa, lakini tumekwisha fundishwa kupanda mche hata kama Kiama kinasimama.

Pili, tuanze kidogo na tuunge mkono kilichopo. Si lazima kila jamaa wa msikiti wajenge zahanati. Kwa kiwango kile cha mwaka 2018, kuzikatia bima kaya 50 za mafakiri kulihitaji shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Kiwango kinaweza kubadilika, hesabu ni ile ile. Vyumba viwili vitatu vya duka vinaweza kuzibeba kaya hizo kila mwaka bila kupitisha bakuli.

Tatu, tuandike. Hati itaje mali, mipaka yake, walengwa, msimamizi, atakayemfuata na ujira wake. Wadhamini wasajiliwe kwa mujibu wa sheria ya nchi, ili sheikh akifa warithi wake wasigombee kiwanja. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu iliyoanza tangu mwaka 1905, nasi wa bara tuna la kujifunza kwao, katika mazuri na katika makosa.

Nne, tuwe na daftari linalosomwa hadharani. Baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, jamaa waambiwe: kimeingia kiasi hiki, kimetumika kiasi hiki katika matengenezo, na kiasi hiki kwa wagonjwa. Bila kutaja majina ya wagonjwa, kwa kuwa kusitiri ni wajibu.

Na serikali nayo, kwa heshima, inaambiwa lile lile. Sensa ya mwaka 2022 imeukuta mkoa wa Singida na watu zaidi ya milioni 2, kutoka takriban milioni 1.37 mwaka 2012. Watoto hawa ndio watakaokuwa watu wazima mwaka 2050. Dira yao haitawatibu kwa ufasaha wa maandishi yake. Itawatibu ikiwa ipo mali iliyozuiwa kwa ajili yao, isiyoguswa na dharura za mwaka wala mabadiliko ya viongozi, na ikiwa yupo msimamizi anayehesabiwa.

Umar (r.a.) aliwakatalia Masahaba watukufu kwa ajili ya watu asiowajua majina, na watu hao walikuja wakaikuta ardhi. Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie tuwaachie wajao kitu cha kukikuta, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotangulia katika kheri hii.

Wallahu a'lam.